Kabla ya Kumshtaki Muuza Mafuta: Pikapu Inayozima Katika Mwendo Mdogo

Mazungumzo ya askari wa usalama barabarani, aliyewahi kuwa fundi wa magari, mbele ya madereva, wafanyabiashara na wakazi wa Kabezi



Nimeombwa nizungumze juu ya usalama wa barabara yetu. Huenda mlitarajia nizungumzie leseni, bima na idadi ya abiria. Hayo yana siku yake. Leo nitazungumzia pikapu moja iliyokuwa ikizima kila inapopunguza mwendo, na nitawaeleza kosa lililotendeka kwa sababu yake. Kosa lenyewe ni langu.

Barabara hii mnaijua. Ni barabara ya taifa namba 3, itokayo Bujumbura ikafuata ufuo wa Tanganyika, ikapita hapa Kabezi, ikaenda Rumonge na Nyanza-Lac kuelekea mpaka wa Tanzania. Upande mmoja ni ziwa, upande mwingine ni milima. Pale Gitaza milima na ziwa huibana barabara hata ikabaki kama uzi, na maporomoko ya mwaka 2015 bado tunayakumbuka. Miaka hii maji ya ziwa nayo yamepanda na kuzila kingo. Kwa hiyo hapa hakuna gari liendalo kasi muda wote. Litapunguza mwendo kwenye shimo, kwenye daraja, sokoni, kwenye kizuizi cha polisi, na nyuma ya mwenye baiskeli aliyebeba mikungu ya ndizi. Mahali pa mwendo mdogo ndipo mahali penye watu. Gari lenye ugonjwa wa kuzima katika mwendo mdogo litazima mbele ya meza za akina mama na katikati ya watoto watokao shule.

Hapa Kabezi tuna sababu nyingine ya kulijali jambo hili. Mwaka 2006 shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilifungua hapa kituo cha dharura za uzazi, na magari yakawa yakipanda milimani usiku na mchana kuwaleta akina mama ambao uzazi umewawia mgumu. Tangu wakati ule, mkazi wa Kabezi hahitaji kuambiwa na polisi kwamba dakika za barabarani ni dakika za uhai. Gari moja lililozima katikati ya daraja huzuia pia gari la mgonjwa lililo nyuma yake.

Sasa nisikilizeni kisa.

Ilikuwa asubuhi ya soko. Pikapu nyeupe ya petroli, ile aina ya zamani yenye kabureta, ilikuwa ikitoka Rumonge imebeba mapipa ya mawese, magunia ya ndagala na abiria watatu. Ilipokaribia kizuizi chetu, dereva aliachia pedali ya mafuta akakanyaga breki. Injini ikatetemeka mara mbili, ikazima. Gari halikusimama. Liliendelea kusogea kwa uzito wa mapipa, polepole lakini bila kutii, mpaka likaigusa meza ya mama mmoja muuza maembe. Meza ikapinduka, mama akaruka, na mtoto aliyekuwa ameketi chini ya meza akavutwa mkono na jirani. Hakuumia mtu. Namshukuru Mungu kwa hilo kila nipitapo mahali pale.

Dereva alishuka akitetemeka, na hofu yake ikageuka hasira. Akamwonyesha kidole kijana mmoja aliyekuwa amepanda nyuma.

“Afande, huyu ndiye! Asubuhi pale Magara ameniuzia maji akisema ni esansi. Tazama alivyoliua gari langu!”

Kijana yule alitoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Lafudhi yake ilimtambulisha kabla hajataja jina. Alikuwa amemwuzia dereva lita 10 kutoka katika dumu lake, kisha mwenyewe akapanda kwenda mjini. Nanyi mnaijua miaka hii ya uhaba wa mafuta: anayepata lita 10 hulipa kwanza, huuliza baadaye.

Watu wakakusanyika. Mmoja akasema kwamba wageni ndivyo walivyo. Mwingine akasema apigwe kwanza, maswali yafuate. Nami, niliyepaswa kuwa mtulivu kuliko wote, nilimwamuru kijana aketi kwenye benchi, nikachukua kitambulisho chake, nikamwambia dereva ajiandae kutoa mashtaka. Sikuwa nimefungua boneti. Mimi niliyeshika spana miaka mingi kabla ya kushika filimbi nilimhukumu mtu kwa lafudhi yake.

Karibu nasi alikuwapo mzee mmoja mushingantahe, aliyekuja sokoni kununua chumvi. Mnajua kwamba mushingantahe hagongi intahe yake chini kabla ya kuzisikia pande zote. Mzee yule alimsogelea dereva, akamwuliza swali moja tu.

“Mwanangu, gari hili lilizima wapi kwa mara ya kwanza?”

Dereva akanyamaza. Aliyejibu ni mama wa ndagala, abiria wa tangu Rumonge.

“Mzee wangu, lilizima tulipokuwa tukitoka Rumonge, pale njia panda. Likazima tena Minago. Huyu kijana hatukuwa tumekutana naye bado.”

Mzee akanigeukia. “Afande, mafuta ya Magara yatazimaje gari lililoko Minago?”

Sikuwa na jibu. Ndipo nikavua kofia, nikaanza kuuliza kama fundi. Nilimwuliza dereva, “Linazima ukifanya nini?” Akasema, “Nikiachia mafuta, na hasa nikikanyaga breki. Nikiwa katika kasi linaenda vizuri, hata mlimani lina nguvu.” Nikamwuliza tena, “Na breki yenyewe ikoje?” Akafikiri kidogo, akasema, “Tangu juzi imekuwa ngumu, kama ninakanyaga jiwe. Nilidhani ni uzito wa mapipa.”

Niliposikia hivyo moyo ulinishuka. Tulikuwa tumeshughulika na dumu la kijana, na kumbe gari lilikuwa likitwambia kwamba breki zake zinakufa.

Hata hivyo nilitaka haki ionekane mbele ya watu wote. Injini ilipopoa, tukawaondoa wavuta sigara na wachoma mahindi, tukafungua nati iliyo chini ya tangi na kukinga mafuta katika chupa ya kioo isiyo na rangi. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hukaa chini kabisa ya tangi. Yakiwamo, hutoka mwanzo. Tukaiweka chupa mezani kwa muda wa nusu saa hivi. Kama kungekuwa na maji, yangetulia chini na kuacha mstari unaoonekana kati yake na petroli. Hapakuwa na mstari. Tukadondosha tone moja juu ya karatasi nyeupe. Petroli safi hukauka bila kuacha alama. Iliyochanganywa na mafuta ya taa huacha doa la mafuta. Karatasi ilikauka ikabaki nyeupe.

Kisha tukawasha injini. Niliinama karibu na njia ya kuingizia hewa, nikasikia mlio mwembamba, kama wa mtu anayenyonya hewa kwa meno. Kutoka hapo hutoka mpira mnene uendao kwenye busta ya breki, kile chombo cha duara kama sufuria kilicho mbele ya dereva, ambacho mafundi wa upande wetu hukiita servo. Nikaubana mpira ule kwa koleo iliyozungushiwa kitambaa, karibu kabisa na kiungo. Injini ikatulia. Nikauachia, ikaanza kutetemeka tena. Tulipougeuza mpira tuliona ufa kwenye kona yake, urefu wa kucha, upande wa chini ambako jicho halifiki.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Tulikuwa tumemketisha mgeni kwenye benchi, na mhalifu alikuwa ndani ya boneti tangu Rumonge.

Ndugu zangu, naomba sasa nieleze kwa nini ufa mdogo hivyo unaweza kuzima injini, na kwa nini huizima katika mwendo mdogo tu. Atakayeielewa sababu hatahitaji kukariri orodha.

Injini ya petroli hupumua. Huvuta hewa na kuichanganya na mafuta kwa kipimo: kwa uzito, karibu sehemu 15 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli. Hewa hupita katika mlango mdogo uitwao kipepeo. Dereva akikanyaga pedali, kipepeo hufunguka na hewa nyingi hupita. Akiachia, kipepeo karibu hufungwa, na injini hubaki ikizunguka kiasi cha mara 700 hadi 900 kwa dakika, ikila hewa kidogo sana na mafuta kidogo sana kupitia tundu jembamba kuliko sindano. Huo ndio mzunguko ambao mafundi wa Tanzania huuita sailensi, nasi huuita ralanti.

Ndoo ya maji ikimwagwa ziwani, hakuna aonaye. Ikimwagwa katika mtungi, mtungi hufurika. Vivyo hivyo hewa ya wizi ipitayo kwenye ufa. Gari likiwa katika kasi, hewa hiyo ni kidogo kulinganisha na ile injini inayovuta, wala haidhuru. Dereva akiachia pedali, hewa ile ile huwa nyingi mno kwa mafuta machache yaliyopo, mchanganyiko huwa mwepesi, na injini hufa. Akikanyaga breki, busta nayo huingiza hewa yake kupitia mpira ule ule, na hali huzidi kuwa mbaya.

Busta yenyewe hufanya kazi kwa ombwe, yaani kwa mvuto wa hewa ambao injini ya petroli huutengeneza inapopumua. Mpira ukipasuka, ombwe hupotea, na mguu wa dereva hubaki peke yake kusimamisha tani za mawese. Ndiyo maana siku ile gari liliendelea kusogea. Ugonjwa mmoja ulikuwa na dalili mbili, nasi tukaitazama moja tu.

Sasa niwape utaratibu wa kuuliza. Mtu yeyote anaweza kuufuata kabla ya kununua kipuri hata kimoja.

Swali la kwanza: gari linazima namna gani? Kama linazima ghafla kama taa iliyozimwa, bila kutetemeka, shuku umeme kwanza. Tazama vichwa vya betri, kama vimelegea au vimeota ukungu wa kijani; tazama swichi ya ufunguo na nyaya za koili. Kama linatetemeka, linakohoa, kisha linakufa, shuku hewa au mafuta.

Swali la pili: linazima wakati gani? Gari lenye nguvu katika kasi lakini linalokufa katika mwendo mdogo lina tatizo la hewa ya wizi, au tundu la ralanti lililoziba, au mzunguko uliowekwa chini mno. Gari linalotulia vizuri likiwa limesimama lakini linakosa nguvu mlimani lina ugonjwa mwingine: chujio la mafuta lililoziba au pampu iliyochoka. Madereva wengi hubadilisha chujio kwa ajili ya gari linalozima sokoni, wakashangaa ugonjwa haujaondoka. Chujio lililoziba kiasi hupitisha mafuta ya kutosha kwa mwendo mdogo. Humnyima dereva pale anapohitaji mengi.

Swali la tatu: linazima likiwa baridi au likiwa moto? Likizima asubuhi tu kisha likapona, tazama mfumo wa kuanzia baridi, ule tunaouita choki. Likizima baada ya saa moja ya safari, likakataa kuwaka, kisha likawaka lilipopoa, koili au kihisi cha mzunguko wa injini kinaweza kuwa kinachoka kwa joto.

Swali la nne: ni nini kilichobadilika? Je, fundi aligusa kabureta? Je, betri ilitolewa? Je, gari lilipita katika vumbi jingi au maji mengi? Je, mafuta yalinunuliwa kabla au baada ya dalili ya kwanza? Hili ndilo swali la mzee wetu, na kama ningeliuliza mwanzo, kijana yule asingekaa kwenye benchi hata dakika moja.

Baada ya maswali, fungua boneti na utazame kwa utaratibu. Sikiliza mlio wa kunyonya. Fuata kila mpira kwa mkono, injini ikiwa imezimwa na imepoa, na ukunje kila kona kwa upole. Ufa hujificha upande wa chini. Ukitaka kuhakikisha, washa injini, chukua maji ya sabuni, dondosha kidogo penye shaka. Mlio wa injini ukibadilika, umefika mlangoni kwa mwizi. Jihadhari na nguo ndefu na vidole karibu na feni na mikanda. Nawasihi mafundi: msinyunyize petroli kutafuta ufa, kama nilivyoona wengine wakifanya. Cheche moja inatosha kuteketeza gari na aliyeliinamia.

Penye kabureta, tundu la ralanti huzibwa na uchafu mdogo kuliko punje ya mchanga. Lisafishwe kwa dawa yake na upepo wa pampu. Kulichokonoa kwa waya hulipanua, na gari halitapata kipimo tena. Kwenye baadhi ya kabureta kuna pia vali ndogo ya umeme inayofungua tundu hilo. Waya wake ukichomoka, gari hufa kila uachiapo pedali, na ponyo lake ni kurudisha waya. Magari mapya zaidi hayana kabureta. Kwa hayo, kipepeo kilichoshika masizi, vali ya kurekebisha mzunguko, au kihisi cha hewa kilichojaa vumbi ndivyo vya kutazama kwanza, na mara nyingi kusafisha kunatosha.

Kwa wenye pikapu za mazutu, ambayo jirani zetu wa Tanzania huiita dizeli, njia ni tofauti kidogo. Injini hizo hupata ombwe la breki kwa pampu yake maalumu, wala ufa wa mpira wa busta hauzimi injini, ingawa hudhoofisha breki vile vile. Dizeli ikizima katika mwendo mdogo, tafuta hewa iliyoingia katika njia ya mafuta, kwa mfano kwenye viungo vilivyolegea. Fungua kilango cha chini cha chujio utoe maji yaliyokusanyika, kisha sukuma pampu ya mkono mpaka iwe ngumu. Kama dizeli yako ni ya kisasa yenye kudhibitiwa kwa umeme, vali inayopima mafuta yaingiayo katika pampu ya shinikizo kubwa inaweza kuchoka na kuizima katika ralanti. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye kifaa cha kusoma makosa.

Jambo moja kila dereva anaweza kulifanya asubuhi bila kifaa chochote. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara kadhaa mpaka pedali iwe ngumu. Endelea kuikanyaga, kisha washa injini. Pedali inapaswa kuzama kidogo chini ya mguu. Isipozama, busta haipati msaada wake. Usiondoke. Mzigo utangoja.

Na kama gari limezima barabarani, fanyeni hivi. Kanyaga breki mara moja, kwa nguvu na bila kuachia. Usipige pigapiga pedali: busta nzima iliyo na ombwe huhifadhi msaada wa mikanyago michache tu, na ukiupoteza umebaki na mguu wako. Usukani utakuwa mzito kama ni wa kusaidiwa na injini. Ushike kwa mikono miwili. Usiuzungushe ufunguo mpaka mahali unapofunga usukani. Weka gia katikati, washa taa za tahadhari, jaribu kuwasha mara moja au mbili, kisha sogea pembeni. Washushe abiria upande usio na magari. Weka pembetatu, na kama huna, weka matawi mbali vya kutosha nyuma na mbele. Weka jiwe kwenye gurudumu. Lakini ukiondoka, ondoa matawi, na ondoa jiwe! Jiwe ulilolisahau mchana litamwua mwenye pikipiki usiku. Watoto wasisukume gari. Na vijana wangu wa baiskeli mnaoshika nyuma ya malori mpandapo mlima: lori unaloshika likizima ghafla, wewe ndiwe breki yake ya kwanza.

Dereva anayezimiwa na gari mbele ya kizuizi cha polisi abaki mahali alipo, mikono yake ionekane, aseme waziwazi, “Gari limezima.” Nasi askari tunapaswa kukumbuka kwamba gari lisilosimama kwa ishara huenda halikukaidi, huenda limekosa breki. Tumwulize dereva kabla ya kumkaripia, kwa sababu jibu lake laweza kuokoa watu walioko mbele yake.

Narudi kwa kijana wa ng'ambo. Kuuza mafuta ya madumu pasipo ruhusa kuna sheria yake, na hilo nililizungumza naye kwa njia inayostahili. Lakini kosa moja si ushahidi wa kosa jingine. Hakuwa ameuza maji, na hakuwa ameharibu gari la mtu. Nilimrudishia kitambulisho chake mbele ya watu wale wale waliomsikia akituhumiwa, nikamwomba radhi kwa sauti ambayo hata waliosimama mbali waliisikia. Nilitaka iwe hivyo. Tuhuma hutangazwa sokoni. Haifai kumsafisha mtu kwa kunong'ona.

Yeye alijibu neno moja tu: “Asante, afande, kwa kufungua boneti.” Kisha akashika upande mmoja wa pikapu na kutusaidia kuisogeza kivulini.

Ufa ulikuwa karibu na mwisho wa mpira. Tulikata kipande kilichopasuka, tukausukuma upya kwenye kiungo na kuukaza kwa kibano, tukaijaribu pedali mpaka ikazama chini ya mguu kama inavyopaswa. Dereva alimlipa mama maembe yake yote, na akaahidi kununua mpira mpya mara afikapo mjini. Mapipa mawili yaliachwa Kabezi mpaka siku iliyofuata, kwa kuwa gari lililotoka kuumwa halibebeshwi mzigo wa gari zima.

Waheshimiwa, tunaishi mahali ambapo watu wa nchi kadhaa hukutana katika soko moja na kusalimiana kwa lugha moja. Ziwa hili lina pande za Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, na hakuna upande usiohitaji samaki, mawese, chumvi na mafuta ya upande mwingine. Siku ile ufa wa mpira ulitaka kuwa ufa kati ya watu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta kati ya majirani ni mgumu kubomoa kuliko ule wa matofali.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Dereva, dalili ya kwanza ikitokea Rumonge, usingoje ya tatu itokee Kabezi. Simama, uliza, tazama. Mkazi, unapoona gari limezima, leta jiwe la kuzuia gurudumu kabla ya kuleta neno la kulaumu. Nasi askari, tufungue boneti kabla ya kufungua daftari la mashtaka.

Mwenye gari linalozima sasa hivi, na najua mpo hapa, asiondoke kabla hatujaonana. Nimekuja na koleo, kitambaa na chupa ya kioo. Nitakuwa chini ya mwembe ule mpaka jua litakapozama.